Joto Limenishinda

Gari lilikuwa kuukuu, lakini ole wako umwambie mwenyewe hivyo. Karani wa mizani alilinunua wakati binti yake bado ananyonya, akalipaka rangi upya mara mbili, na hata sasa, binti akiwa anaolewa, bado alilipangusa kila Jumapili kwa kitambaa laini kama anayempangusa mtoto uso. Injini ilikuwa nzima. Breki nzima. Kilichokufa ni kiyoyozi, nacho kilikufa zamani, kimya kimya, bila mtu kukililia, kwa sababu siku zile vioo vilishushwa, upepo ukaingia, safari ikaendelea.

Siku hizi upepo ulikuwa hautoshi, kwa sababu mkewe aliungua. Jiko la mafuta ya taa lilimlipukia kwenye saluni yake alipokuwa akichemsha maji ya kumwoshea mteja nywele, likamla uso upande mmoja, shingo, mgongo na mikono yote miwili. Madaktari walimponya, hilo hatuwanyimi haki yao. Ila ngozi iliyoota juu ya makovu haitoi jasho, na mtu asiyetoka jasho joto linamkaa ndani. Jua likipanda tu mwili ulimchemka, kichwa kikamzunguka, akaanguka chini mzima mzima. Ndiyo maana msusi aliyewapamba mabibi harusi wa mtaa mzima alikuwa akishinda chumbani na feni, kitambaa kibichi shingoni, akisikiliza watu wakipita nje.

Siku hiyo alisimama nyuma ya pazia akitazama boneti iliyofunguliwa uani. Wanaume wawili walikuwa wameinamia injini. Mmoja ni mumewe. Wa pili mtaa mzima ulimwita Fundi Barafu, kwa kuwa hapakuwa na friji wala gari lililowahi kumshinda kulipoza.

"Sikiliza, mzee wangu," Fundi Barafu alisema. "Hapa si kujaza gesi tu ukaondoka. Gari lako limetengenezwa kwa gesi ya zamani, na gesi ile haiuzwi tena. Ilipigwa marufuku mimi bado nasoma."

"Kuna mmoja kaniambia ataniwekea gesi mpya juu ya ile iliyobaki. Muda wa kunywa chai tu, kamaliza."

"Huyo anakutafutia msiba. Na mwingine?"

Karani alisita. "Mwingine kasema atatia gesi ya kupikia."

Fundi alicheka mpaka akaishika boneti. "Ya kupikia! Basi huko harusini mtafika mmeshaiva!"

Karani hakucheka. Kwenye karakana ya kwanza vijana walikuwa wamemwuliza kama gari lile alilirithi kwa babu yake au babu ndiye aliyelirithi kwake, kisha wakamwacha amesimama juani na funguo mkononi, mtu mzima na mvi zake, mpaka alipochoka akaondoka bila kuaga. Aliondoka huko amenywea. Lakini kesho yake akajikaza kisabuni, akaenda karakana nyingine.

"Mimi nina mgonjwa," alisema. "Mke wangu hatoki jasho. Harusi ni ya binti yetu, mtoto wetu wa pekee, na safari ni ya nusu siku kwenda na kurudi. Baridi ikikata njiani, ni roho hiyo."

Fundi Barafu aliacha kucheka. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaiangalia injini upya, safari hii taratibu.

"Basi tufanye kazi ya kueleweka. Gesi iliyobaki naivuta, naitia kwenye mtungi wangu. Oili ya zamani naimwaga yote, naosha mabomba kwa ndani, maana gesi mpya na oili ile hazipatani, na kompresa, ile pampu ya gesi, ikikosa oili inajisaga yenyewe. Nabadilisha chujio, nabadilisha mipira ya kwenye maungio, nafunga vichwa vipya vya valvu za kujazia gesi. Halafu navuta hewa yote itoke. Nikishamaliza hayo, ndiyo najaza."

"Na itapoa?"

"Si kama ile ya kiwandani, nisikudanganye. Lakini mama atakuomba mtandio."

Karani alitabasamu, meno yote nje. Nyuma ya pazia, mkewe aligeuka akaketi kitandani. Tangu asubuhi alikuwa akiomba fundi aseme haiwezekani.

*

Tuseme ukweli wenyewe, kwani mumewe hakuujua.

Binti alikuwa amepiga simu mchana mmoja, kabla fundi hajaitwa, baba yake akiwa ghalani anapima magunia. Jina lake la nyumbani ni Kidoti, kwa sababu ya doa dogo jeusi alilozaliwa nalo chini ya sikio la kushoto. Alipokuwa msichana alitaka nywele zake zisukwe kulifunika, na mama yake akakataa katakata. "Hiyo ndiyo saini yako," alikuwa akimwambia. "Anayetaka kuificha akatafute msusi mwingine."

"Mama, uko peke yako?" Kidoti aliuliza.

"Niko na feni langu."

Binti hakucheka. Alizungukazunguka, akauliza habari za majirani, za umeme, za kikohozi cha baba. Mwishowe akasema, "Mama, nisikilize, usikasirike. Ukumbi ni mkubwa. Watu wa upande wa pili ni wengi. Nao hawajakuona. Picha yako waliyonayo ni ile ya zamani."

"Ile ya saluni?"

"Ile ile. Mama, watakutazama wewe. Siku nzima watakutazama wewe, wanong'one, waulize. Mimi sitaki wakuulizeulize."

"Unataka nikae nyuma?"

Msusi aliusikia mlango ukifungwa huko alikokuwa mwanawe.

"Mama mdogo amesema anaweza kukaa kwenye kiti chako. Siku hiyo tu. Si mnafanana?" Kisha sauti ikaanza kumkatika. "Picha zitabaki, Mama. Watoto wangu watakuja kuzitazama."

Nani asiyejua kwamba neno linaweza kumpiga mtu, na aliyepigwa akabaki anamwonea huruma mpigaji? Msusi alimsikia mwanawe akilia, na kilio kile alikifahamu tangu enzi za nepi. Akamtafutia mlango wa kutokea.

"Hata hivyo nisingeweza, Kidoti," alisema. "Nusu siku juani, kwenye gari lisilo na baridi? Wapi! Joto lingenishinda."

"Eh, Mama. Joto." Binti alishusha pumzi. "Ndivyo nitakavyowaambia watu. Joto."

Ni pumzi ile iliyomuuma msusi. Ilishuka upesi mno. Alizima simu, akakaa na kitana chake mapajani mpaka kivuli cha dirisha kikahamia ukuta wa pili.

Jioni alimwambia mumewe nusu ya habari: kwamba harusini hataenda, joto halitamwacha. Karani aliweka kijiko chini.

"Ni joto tu?"

"Joto tu."

"Hakuna kingine?"

"Kingine kipi?"

"Basi hilo dawa yake ipo," mume alisema, na tangu jioni hiyo hakutulia tena.

*

Kazi ya fundi haikuisha siku ile ya kwanza wala iliyofuata. Msusi aliifuatilia yote kutoka dirishani. Maisha yake yote alifanya kazi ya mikono, na mtu wa namna hiyo hawezi kutazama mikono ya mwingine asijifunze. Aliona mabomba yakifunguliwa, uchafu mweusi ukimwagwa kwenye kopo. Aliona valvu mbili mpya zikifungwa, moja ya kofia ya bluu na moja ya kofia nyekundu. Aliona Fundi Barafu akiondoa kofia ya bluu, akigusa sindano iliyoko ndani kwa ncha ya bisibisi, gesi ikatoa sauti kama mtu anayesonya, naye akaifunga tena, ameridhika.

"Mama!" mume aliita. "Njoo ujaribu mambo!"

Msusi alipokuwa ndani akijifunga mtandio mbele ya kioo, fundi alimwambia karani jambo ambalo yeye hakulisikia. "Humo ndani ya oili nimetia rangi. Mchana huwezi kuiona vizuri. Lakini nikimulika na taa yangu ile ya zambarau, inawaka kijani kama jicho la paka. Ikivuja popote, itajisema yenyewe."

Msusi aliingia garini, akafunga mlango. Mume akabonyeza kitufe.

Jamani. Baridi ilimjia kifuani kwanza, halafu shingoni, halafu ikapenya kwenye mikono ya gauni. Ngozi yake, iliyokuwa ikimbana na kumwasha usiku na mchana kama nguo ya kuazima, ilinyamaza. Alikuwa amesahau kwamba mwili unaweza kunyamaza. Alifumba macho, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Unaona?" mume alisema. "Si nilikwambia? Unaona?"

Wakatoka barabarani, vioo vimefungwa. Msusi aliutazama mtaa kama mgeni. Saluni yake ilikuwa duka la makava ya simu sasa. Mwanamke aliyekuwa mteja wake alipita pembeni kabisa na gari, mtoto mgongoni, jua kali utosini, na msusi akajiegemeza kwenye baridi yake, akafurahi. Kwa kitambo kile alitaka kwenda. Tusimwonee kwa kumfanya mtakatifu: alitaka kwenda harusini, akae kwenye kiti chake, na atakayemtazama amtazame.

"Usimwambie Kidoti," karani alisema huku akipiga vidole kwenye usukani. Juu ya dashibodi ilibandikwa picha ya binti akiwa na sare ya shule, imefifia kwa jua. "Tutamshtukiza. Yeye anajua huji. Ghafla, mlango wa gari huo, unashuka! Mimi sura yake tayari naiona."

Msusi naye aliiona. Aliiona sura ya mwanawe chini ya shela, macho yakitoka kwake yakaenda kwa wakwe, yakarudi kwake. Hamu yote ikamkatika.

"Watu wengine hawapendi kushtukizwa," alisema.

"Mama mzazi anamshtukiza nani?"

"Halafu nguo sina."

"Hilo nalo neno?"

Kesho yake karani alirudi kutoka ghalani na gauni la samawati, kitambaa chepesi, mikono mirefu, shingo ya kupanda. Alikuwa amelichagua mwenyewe, na mshonaji akamcheka kwa kupima kwa viganja mabega ya mtu asiyekuwepo. Lilimkaa sawasawa. Msusi alijitazama kwenye kioo, akamshukuru mumewe, akalitundika ukutani. Hakubakiwa na kisingizio hata kimoja.

*

Siku moja kabla ya safari, karani alikwenda ghalani kwa miguu kama kawaida yake. Funguo za gari zilining'inia kwenye msumari.

Msusi alikichukua kitana chake cha kazi, kile chenye mkia mwembamba wa chuma, alichogawia nywele za mabibi harusi mistari iliyonyooka. Alijimwagia maji kichwani, akatoka uani kabla jua halijafika upande ule. Alifungua mlango wa gari, akavuta kishikio cha boneti. Halafu akakaa kwanza kwenye kiti chake, bila kuwasha chochote, na picha ya sare ya shule ikimtazama.

"Mwanangu, ungenipa hata kiti cha nyuma," aliiambia. "Cha nyuma kabisa, karibu na wapishi. Ningekaa."

Kisha akainuka, akaenda mbele. Kofia ya bluu ilitoka kirahisi. Akaelekeza mkia wa kitana, akaibonyeza sindano.

Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Moshi mweupe uliruka, na baridi ikamng'ata dole gumba, baridi kali isiyo na tofauti na moto. Alitaka kuachia. Akafikiri, nikiachia kesho tutafika, na Kidoti atasimama mbele ya watu hajui aweke wapi uso. Akang'ang'ania. Gesi ilisonya, ikasonya, ikawa inapumua, mpaka ikanyamaza.

Kidole kilikuwa cheupe, hakisikii kitu. Alifunga kofia, akafunga boneti, akafuta kitana kwenye mkono wa gauni lake la nyumbani. Akarudi ndani kwenye feni.

Jioni karani aliliwasha gari, akili yake iko kwenye safari, akabonyeza kitufe. Ilimpiga hewa ya moto usoni. Akabonyeza tena. Akazima, akawasha. Msusi alimsikia akisema peke yake, "Hapana. Hapana, bwana. Hapana." Akatoka mbio bila hata kufunga mlango.

*

Fundi Barafu alikuja na geji zake za kupimia gesi na taa ya zambarau. Gari walilisukuma hadi kwenye kivuli cha ukuta, jua likiwa linaelekea kuzama, na fundi akavaa miwani yake ya njano. Alimulika ungio la kwanza. Safi. La pili. Safi. Akafuata bomba hadi mwisho wake, akarudi.

"Kazi yangu haijavuja," alisema, kwa kiburi kidogo. Kisha taa ikafika kwenye valvu ya kofia ya bluu, na pale pote pakawaka kijani, mitone imeruka hadi chini ya boneti. Fundi alifungua kofia, akachungulia, akaifunga. "Ajabu. Valvu ni nzima. Hii haikuvuja, mzee. Hii imetapika."

"Imetapikaje yenyewe?"

"Hapo ndipo nami sielewi."

"Mama," karani aliita, "hebu mletee fundi maji."

Msusi alileta jagi na bilauri. Fundi aligeuka kumpokea, taa bado inawaka mkononi. Mwanga ukamwangukia msusi. Dole gumba liliwaka kijani. Vidole viwili vikawaka, na alama ndefu kwenye mkono wa gauni, pale alipofutia kitana, ikawaka pia.

Wote watatu waliutazama mkono ule. Maji yalianza kumwagika kutoka kwenye jagi, na hakuna aliyesema yanamwagika.

Fundi Barafu alizima taa. "Kosa langu," alisema upesi. "Kofia sikuikaza, imegongwa kidogo tu ikafyatuka. Najaza upya sasa hivi. Sichukui kitu."

"Fundi," karani alisema, hamwangalii, "kanawe mikono. Bomba liko nyuma ya nyumba."

Fundi alielewa, akaondoka.

"Ni wewe," karani alisema.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alimtazama mumewe, mtu aliyezunguka karakana zote za mji akichekwa, aliyebandika picha moja kwenye dashibodi na hajawahi kuibandua. Akaumeza.

"Sitaki watu wanione."

"Mimi si nakuona kila siku?"

"Wewe umeshazoea."

"Nimezoea nini? Nini cha kuzoea hapo? Ni wewe yule yule!" Sauti ilimpanda, jirani akafunga dirisha. "Siku ulipoungua nilikaa sakafuni hospitali nikisema nipewe huyu tu, kwa vyovyote alivyo. Nikapewa. Leo unaniambia nimezoea?"

"Punguza sauti."

"Mtoto ni mmoja! Siku yake moja! Ataangaza macho ukumbi mzima akimtafuta mama yake, na mama yake yuko nyumbani anaogopa macho ya watu. Hivyo ni ubinafsi. Nakwambia kweli, ni ubinafsi, sikutegemea kwako."

Neno hilo lilimwingia. Akalipokea, akalihifadhi, kwani lilikuwa afadhali kuliko lile lingine ambalo mumewe angekaa nalo maisha yake yote kuhusu binti yake.

"Nenda wewe," alisema.

"Nitakwenda. Na akiniuliza, nimwambie nini?"

"Mwambie joto lilinishinda."

Karani alicheka kicheko kikavu, akaenda kumwita fundi.

Usiku walilala wamepeana migongo. Hakuna aliyesinzia, na kila mmoja alijua mwenzake yuko macho.

*

Alfajiri alimpigia pasi shati, akamfunga tai, kwani tai ilikuwa ikimshinda tangu siku ya ndoa yao. Mume aliinua kidevu, akatazama dari. Alisema "haya" alipotoka, neno hilo tu. Gari likaondoka na baridi yake, kiti cha mbele kitupu. Gauni la samawati lilibaki ukutani.

Umeme ulikatika jua lilipoanza kukolea. Msusi alilowanisha shuka, akajifunika, akalala sakafuni penye saruji. Sasa wanamwosha nywele, alifikiri. Sasa wanazikausha. Aliyemshika kichwa asimvute sana upande wa nyuma, ngozi yake ya pale ni laini, tangu utotoni analia. Sasa wanambana. Sasa mdogo wangu anavaa. Alisikia watu wakipita nje wakicheka, na ikamjia kwamba tangu mume atoke hajafungua kinywa. Akasema kwa sauti, "Hongera, mwanangu," ili aisikie sauti yake. Ilikuwa ya mtu mwenye kiu.

Jua lilikuwa bado halijalala aliposikia injini anayoijua. Aliketi. Haiwezekani. Saa hizi wageni ndio kwanza wangekuwa wanapakuliwa chakula huko. Gari liliingia uani, likasimama, lakini injini haikuzimwa wala mlango haukufunguliwa.

Alingoja. Kisha akatoka kama alivyokuwa, miguu mitupu, shuka bichi mabegani, joto la ua likimpanda mwilini. Alifungua mlango wa upande wake, akaingia, akafunga. Baridi ikampokea.

Karani alikuwa ameshika usukani kama mtu aliye bado barabarani. Tai alikuwa ameivua. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilipofika nikapelekwa mbele," alisema, "kwenye viti vya wazazi. Mdogo wako amekaa. Nikadhani amekushikia nafasi. Nikamwambia, dada yako hakuweza kuja. Akaniambia, 'Najua, shemeji, tulishapanga.' Tulishapanga!"

Msusi alilikaza shuka mabegani.

"Mshereheshaji akatusimamisha. Baba na mama wa bibi harusi, makofi kwao. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe wake akaniinamia sikioni, mwema tu, hajui hili wala lile. Akasema, 'Mkeo hazeeki, hongera.'"

"Ukamjibu?"

"Nilimtazama Kidoti. Naye akanitazama. Akajua kwamba nimejua." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikainuka. Akanifuata mpaka mlangoni, na lile gauni lote linaburuzika. 'Baba, unakwenda wapi? Baba, watu wanaona.' Nikatafuta maneno. Njia nzima ya kuja huku nimeyapata mengi sana. Pale mlangoni nikapata hayo yako tu. Nikamwambia, joto limenishinda, mwanangu."

"Hukumgombeza?"

"Ningemgombezaje? Amepambwa."

Kompresa ilijiwasha, ikajizima, ikajiwasha tena, kazi ya Fundi Barafu.

"Ulijua," karani alisema.

"Nilijua."

"Ukaniacha nikuite mbinafsi."

"Ulikuwa na hasira."

"Nilikuita mbinafsi, mke wangu." Akaushika mkono wake, ule wenye lengelenge kwenye dole gumba, akaushika kwa namna ya kuogopa kuuvunja. Msusi alimwacha alie. Kisha akauliza lile lililokuwa likimkaba tangu alfajiri.

"Alipendeza?"

"Alipendeza."

"Nywele walizipeleka upande gani?"

Karani hakuwa mtu wa nywele. Aliuachia mkono wa mkewe, akainua wake mwenyewe, akajaribu kuonyesha juu ya kichwa chake chenye mvi. Nywele zilipanda hivi, zikazunguka, halafu zikashuka hivi, zote. Kiganja kikateremka upande wa kushoto, kikafunika sikio.

Msusi alikitazama kiganja kile.

"Kwa hiyo kidoti chake hakikuonekana," alisema.

Mume alifikiri. Alitaka kumdanganya, na alishindwa. "Hapana," alisema. "Hakikuonekana."

Alitazama mshale wa mafuta, ulikuwa umelala kabisa chini, akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usizime," mkewe alisema. "Nje joto."